Kizibao Kisicho na Kasoro

Habari hii nilisimuliwa na mwanamke mmoja muuza mitumba, mwaka ule nilipopelekwa kupimwa miwani. Tulikaa benchi moja tangu asubuhi hadi adhuhuri, yeye akingoja kuitwa na mimi nikingoja kuitwa, na foleni ikitambaa kama kobe mwenye mzigo. Alikuwa na kipande cha chaki mkobani. Mara akitoe, mara akirudishe. Nikamwuliza, "Shoga, wewe ni mwalimu?" Akacheka kicheko cha mtu asiye na furaha, kisha akaanza kunieleza. Nami naandika kama alivyoniambia. Sikuongeza chumvi, maana iliyokuwamo ilitosha.

Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma. Koroma, kwa asiyeijua, si dafu wala si nazi: maji yake hayana tena utamu wa kunywa, na nyama yake haijakomaa ikafaa kukunwa. Mtu huzigonga nazi zote za gengeni. Hii akasema nyepesi, ile akasema ina doa, nyingine akasema maji yake hayachezi, mpaka wenzake wamekwisha kununua na kuondoka. Akifika nyumbani akaipasua ile aliyoipenda, ni koroma. Watu hudhani methali hii ni ya kicheko, ya kumtania mtu mwenye makuu sokoni. Sikilizeni basi.

Alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa mkaguzi katika kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya meza ya kioo yenye taa chini yake, kitambaa kikipita juu ya kioo kama mto usio na mwisho, naye macho hayapepesi. Akiona uzi uliokatika, fundo, doa la mafuta, au tundu dogo kuliko jicho la sindano, alichora msalaba mweupe kwa chaki, na kipande kile kilikatwa kikawekwa kando. Kitambaa alichokipitisha yeye hakikukaguliwa tena na mtu mwingine yeyote. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kiwanda, na ndiyo iliyokuwa fahari yake. "Mimi nikisema kimepita," alizoea kusema, "kimepita."

Watu walimwita Mzee Kasoro, naye hakuchukia. Alipostaafu, meza ya kioo ilibaki kiwandani, lakini chaki alirudi nayo mfukoni mwa shati. Nyumbani mlango ukawa umepinda, chai ikawa imezidi majani, na jua likawa linachomoza kwa kuchelewa. Marehemu mkewe, alipokuwa hai, aliwahi kumwambia, "Wewe siku ya kiyama utamwuliza malaika kwa nini bawa moja ni fupi." Mzee alijibu kwamba, kama ni fupi kweli, lazima mtu aseme.

Mtoto wake alikuwa mmoja tu, msichana, na alimwita "mama" kwa kuwa alimpa jina la mama yake. Wachumba wawili walikuja kumposa kwa wakati wake. Wa kwanza mzee alisema mabega yake yamekwenda upande. Wa pili alisema anacheka kabla maneno hayajaisha. Wa tatu hakuja. Binti akatimiza miaka thelathini na minne akiwa nyumbani kwa baba yake, wala hakulalamika; alikuwa mmoja wa wale watu wanaomeza maneno kama dawa.

Kazi ya binti ilikuwa kusambaza mikate kwa baiskeli. Tanuri lilikuwa bondeni kando ya daraja, na wateja wengi walikaa juu ya kilima. Kila alfajiri alifunga kreti la mikate kwenye keria, akapanda kilima akikanyaga pedali kwa uzito wote wa mwili, akagawa mlango kwa mlango, kisha akateremka mtupu, upepo ukimpiga kifuani kama mtu anayemdai. Watoto wa kilimani walimpa jina la Mkate Moto, na kengele yake iliwaamsha kuliko jogoo.

Kipupwe cha mwaka uliotangulia kilimwacha kitandani kwa homa ya mapafu wiki tatu nzima. Tabibu wa zahanati, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimwambia, "Kifua hiki kimepata ufa. Ukikipeleka tena kwenye baridi, sikuahidi kitu." Mwenye tanuri naye alisema la kwake: "Mwaka jana nilikusubiri, dada yangu. Mwaka huu ukiugua sitasubiri. Mkate haujui kusubiri."

Basi ukungu wa kipupwe kingine ulipoanza kushuka, binti alijua anachohitaji. Waendesha baiskeli wenzake walikuwa na vizibao vyepesi visivyopitisha upepo, visivyo na mikono, vya kuvaa juu ya fulana. Vya dukani viliuzwa kama vimeshonwa kwa dhahabu, lakini mitumbani vilipatikana vizuri kwa bei ya mtu wa kawaida. Angeweza kwenda kununua mwenyewe siku hiyo hiyo. Lakini alimtazama baba yake, ambaye asubuhi ile alikuwa ameketi kibarazani akikagua pazia la jirani lililoanikwa ng'ambo ya pili, na roho ikamwuma.

"Baba," alisema, "nataka kizibao cha kunikinga upepo. Mimi vitambaa sivijui. Nichagulie wewe."

Mzee alinyanyua uso. Binti alimwambia baadaye yule muuza mitumba aliyenisimulia, kwamba tangu mama yake afariki hakuwa ameuona uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa kazini.

"Leo hii," alisema mzee, na akapapasa mfuko kuona kama chaki ipo.

Muuza mitumba huyo watu walimwita Mama Robota, kwa sababu hakuna aliyemzidi kufungua marobota ya nguo na kujua lipi lina mali na lipi lina matambara. Mzee Kasoro alimkuta amefungua robota la nguo za michezo.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nataka kizibao cha baiskeli, kisichopitisha upepo. Kiwe kizuri, na bei isiniumize."

"Umekuja siku yake. Shika hiki." Akampa kizibao chekundu, chepesi kama ganda la kitunguu, kirefu kidogo kwa nyuma ili kufunika kiuno cha mtu aliyeinama.

Mzee alikipeleka mdomoni, akaweka kiganja upande wa pili, akapuliza kwa nguvu. Kiganja hakikuhisi kitu. Akapuliza tena, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akakigeuza. Mgongo wote, tangu mabegani hadi kiunoni, ulikuwa wavu. Vidole vyake vitano vikatokea upande wa pili.

"Hiki nini?"

"Wavu, mzee wangu."

"Mama, unaniuzia kizibao au chandarua?"

Wanunuzi wakacheka. Mama Robota hakucheka. Alikuwa na subira ya mtu anayeuza. "Mtu wa baiskeli upepo unamjia kifuani, haumjii mgongoni. Mgongoni ndiko jasho linakotokea, hasa akipanda kilima. Jasho nalo linataka mlango."

"Na mwizi je? Nyumba yenye mlango usio na komeo ni nyumba hiyo?"

"Nyumba isiyo na mlango kabisa ni kaburi, mzee wangu. Kwani wewe umewahi kupanda baiskeli?"

Hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Lakini alikikunjua kizibao mezani. Alisema, "Mimi nimekagua vitambaa miaka thelathini na mmoja. Kitambaa kiliwaishia, wakaziba kwa wavu. Huo ndio ukweli." Na kabla Mama Robota hajanyoosha mkono, chaki ilikwisha kutoka mfukoni na msalaba mweupe umeketi katikati ya kile chekundu.

"Mzee! Umenichorea mali yangu!"

"Nimekusaidia. Hicho hakijapita."

Kizibao cha pili kilikuwa cha kijivu, nacho mgongo wake ulikuwa na wavu nusu. Mzee aliona zipu yake ni ya plastiki, akakichora. Cha tatu kilikuwa cha bluu, chenye kiraka kidogo kwapani kilichoshonwa vizuri kuliko nguo yenyewe, alikichora pia. Akaondoka mikono mitupu, akitembea wima kama askari. Mama Robota alichukua kitambaa chenye maji akaanza kufuta misalaba, huku akimsema kwa sauti ambayo mzee aliisikia vizuri sana.

Alirudi lilipofunguliwa robota lililofuata, na lililofuata. Kila alipokuja, wachuuzi walifichana vitu na kuitana, "Jamani, chaki hiyo inakuja!" Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikaingia. Kila jioni alimweleza binti yake kwa furaha kubwa habari za ubaya wote alioukuta sokoni: mishono iliyokimbia, nyuzi zilizolala, rangi isiyoshika. Binti alimsikiliza huku akikandamiza kifua kwa kiganja.

Maana wakati huo alikuwa akijikinga kwa gazeti. Alikunja kurasa nne akaziweka chini ya sweta, mbele tu, kama wafanyavyo wenzake wasio na kitu. Akifika juu gazeti limelowa jasho kidogo, analitupa, anaomba lingine kwa mteja, anateremka nalo. Watu walimtania mlangoni: "Mkate Moto, leo kifuani kwako kuna habari gani?" Naye akajibu, "Ile ile. Vitu vimepanda bei." Gazeti lilimwachia wino kifuani, lakini kifua kilikuwa kikavu, na kikohozi hakikuja.

Siku moja Mama Robota alimwita alipokuwa akipita na baiskeli.

"Njoo hapa, mwanangu. Wewe si binti wa yule mchora misalaba? Vaa hiki."

Kilikuwa kile chekundu. Binti alikivaa, akazunguka soko mara moja kwa kasi, akarudi akitabasamu hadi magego. "Mama, kama nimefungwa dirisha mbele na kuachiwa mlango nyuma."

"Mimi nilisema nini? Chukua."

Binti akakishika kizibao mkononi muda mrefu. Kisha akakirudisha. "Niwekee. Nataka baba aje akichukue mwenyewe."

"Mwanangu, mali ya mitumba haiwekwi kama mahari."

"Siku mbili tu, mama."

Jioni ile alijaribu. Alianza mbali, akasema habari za jasho, za kupanda kilima, za wenzake wanaosifu nyavu za mgongoni. Mzee Kasoro aliweka kikombe chini.

"Nani kakwambia hayo? Yule anayeuza?"

"Nilikijaribu, baba. Kinafaa."

Mzee alikisukuma kikombe kando. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo, na ndiyo iliyomwumiza binti, kwa kuwa alikuwa ameizoea ile kubwa. "Kama ulikuwa unajua kuchagua, ulinituma wa nini? Kumbe nilipewa kazi ya kuchezea, kama mtoto anayepewa kijiko ashinde nacho jikoni. Basi kanunue. Mimi nitaketi."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Angesema, "Ndiyo baba, nanunua," pangekuwa na siku tatu za kununiana na mwisho wake chai. Lakini alitazama ile mikono iliyolala juu ya magoti bila kazi, akasema, "Hapana, baba. Chagua wewe. Nitavaa utakachokileta."

Upepo uliwahi mwaka ule. Ulishuka kilimani kabla ya siku zake, ukavunja matawi, ukang'oa mabati ya choo cha shule. Mwenye tanuri alimkuta binti akijikunja kwa baridi na kumkumbusha kwa kidole tu, bila maneno. Mzee aliposikia alivaa viatu bila soksi akakimbilia sokoni.

"Kile chekundu?" aliuliza, akihema.

"Umekifuata leo?" Mama Robota alimwonyesha henga tupu. "Domo kakichukua jana. Yule msambazaji mwenzake na binti yako."

Domo alikuwa kijana mpana, mcheshi, anayeongea kuanzia bondeni hadi kilimani bila kuvuta pumzi. Ndiyo maana ya jina lake. Cha kijivu na cha bluu navyo vilikwisha kwenda. Mzee akazunguka soko zima kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka mwisho kabisa, kwa mchuuzi mmoja aliyenadi kwa kipaza sauti, akakiona.

Kilikuwa cheusi, kizito, kinang'aa kama samaki aliyetoka majini. Kitambaa chake kilikuwa na tabaka mbili, katikati kimepakwa mpira. Mbele kizima, nyuma kizima, kola inafika kidevuni. Mzee alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kiganja hakikuhisi hata dalili. Akakiinua kuelekea juani, hakuna tundu. Akapitisha ukucha kwenye mishono, mmoja mmoja. Yote imenyooka kama safu ya wanajeshi. Zipu ya chuma. Na bei, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekitaka, ilikuwa ndogo kuliko ya kile chekundu.

Mkono ulikwenda mfukoni kwa mazoea, ukagusa chaki, ukarudi mtupu. Tangu alipostaafu, hiki kilikuwa kitu cha kwanza alichokiangalia bila kutoa chaki mfukoni.

"Mama, njoo uone!" aliita kabla hajafika mlangoni. "Hiki si kizibao. Huu ni ukuta!"

Binti alikivaa. Kililia chakarachakara kama majani makavu ya mgomba. Alikunja mkono, akaukunjua. Alijua hapo hapo.

"Ni kizuri sana, baba," alisema.

Alfajiri iliyofuata mzee mwenyewe alimfunga zipu hadi kidevuni, kama mama anayempeleka mtoto shule. Binti akapanda kilima. Nusu ya njia ilikuwa kama yuko ndani ya chungu kilichofunikwa. Jasho lilitoka, likatafuta pa kupita, likakosa, likamrudia. Alifika juu fulana imemshika mwilini kama ngozi ya pili. Akateremka, na ule ubichi wote ukageuka barafu mgongoni na kifuani, ndani ya ukuta usiopitisha kitu.

Siku ya tatu alikivua kwenye kona, akakiweka ndani ya kreti, akarudia gazeti lake. Aliporudi, mzee alikipokea, akapapasa bitana kwa vidole. Ilikuwa kavu kabisa na baridi. Vidole vile havikuwahi kudanganywa na kitambaa.

"Hukukivaa," alisema. Hakugomba. Alikitundika msumarini, akaenda kukaa akiutazama ukuta, na chakula cha mchana hakukigusa.

Tangu siku ile binti alikivaa, kupanda na kuteremka. Na bitana ilipokuwa inarudi imelowa, mzee aliuliza mara moja tu, "Mbona ndani kuna maji?"

"Umande, baba."

Naye akaamini. Mtu aliyeweza kuona uzi mmoja uliokatika katika mita mia aliamini kwamba umande umepenya kwenye mpira. Kwa nini asiamini? Alikwisha kukipitisha. Na kilichopitishwa hakikaguliwi tena.

Kikohozi kilianza siku ya tisa. Siku ya kumi na mbili binti alianguka na baiskeli penye daraja, kreti likapasuka, mikate ikaelea mtoni kama bata. Domo ndiye aliyembeba hadi zahanati, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na la kusema.

Tabibu alipomfungua ile zipu, mvuke ulitoka. Alikikamata kizibao kwa vidole viwili, akakikamua, na maji yakadondoka sakafuni.

"Nani kamfunga mgonjwa huyu ndani ya mfuko?"

Mzee Kasoro alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi. Akafungua mdomo. Lakini kutoka kitandani binti akatangulia, kwa sauti iliyokuwa ikikwaruza: "Nilichagua mwenyewe, tabibu."

Na mzee akaufunga mdomo wake. Hili, Mama Robota alisema, ndilo mzee hakuweza kulimeza hadi mwisho. Kwamba aliachiwa njia, akapita.

Binti hakufa. Lakini alipotoka zahanati wiki ya sita alikuwa amebaki nusu. Kutoka kitandani hadi kibarazani alipumzika mara mbili, na kifua kilipiga mluzi kama birika lililosahauliwa motoni. Tabibu alisema baiskeli basi, kilima basi. Mwenye tanuri alikuja na mkate na pole, akaondoka na kreti. Njia ya binti alipewa Domo, pamoja na ile yake.

Kila asubuhi Domo, kwa moyo mwema kabisa, alisimama nje akiwa ndani ya kile kizibao chekundu. "Dada Mkate Moto! Waendelea vipi? Watoto wa kilimani wanakuulizia, wananiita Mkate Baridi! Ila hiki kitu nilichokinunua, dada, ni mkombozi. Mbele upepo hauingii, nyuma jasho linatoka. Upone ukitafute kama hiki." Na mgongoni mwake, mtu mwenye jicho kali aliweza bado kuona kivuli cha msalaba mweupe ambao maji hayakuumaliza. Mzee alikuwa nyuma ya pazia. Jicho lake lilikuwa kali bado.

Asubuhi moja, Domo alipokwisha kuondoka, mzee alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama. Wewe ulijua?"

"Nilijua nini, baba?"

"Kile kizibao."

Binti alipumua kwanza, maana sasa maneno yalimgharimu. "Nilijua siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Maisha yangu yote nimekuona ukitafuta ubaya wa vitu. Wachumba wangu. Chai yangu. Kile ndicho kitu cha kwanza nilichokuona umekipenda." Akafumba macho. "Nilisema, acha nikivae."

Mzee akakitoa kizibao msumarini, akenda nacho sokoni. Alikiweka juu ya meza ya Mama Robota, akaweka na chaki kando yake.

"Kikague," alisema.

"Mzee wangu, mimi si mkaguzi."

"Kikague, nakuomba. Mimi nimekitazama usiku na mchana. Sioni kitu. Nionyeshe kasoro iko wapi."

Mama Robota akakigeuza, akavuta mishono, akafungua na kufunga zipu. Alitamani sana kupata hata uzi mmoja uliolegea, ampe yule mzee kitu cha kushika. Hakuupata.

"Hakina kasoro," alisema mwisho. "Kimeshonwa vizuri mno. Kingemfaa mtu aliyeketi penye mvua, asiyefanya kazi yoyote. Anayepanda kilima hakimfai."

"Aliyeketi," alirudia mzee. Akakichukua kizibao, akaondoka polepole, mgongo umepinda. Chaki aliiacha mezani.

Mama Robota alijitahidi kuendelea kuuza, lakini kile kipande cheupe kilimtazama. Ilipofika saa sita mchana akafunga genge, akamfuata nacho nyumbani. Alikuta mlango wazi. Binti amelala, ameegemezwa mito mitatu, mluzi wa kifua ukipanda na kushuka. Mzee Kasoro alikuwa kwenye kigoda kando yake, kile cheusi kimekunjwa vizuri juu ya magoti.

"Taratibu," alinong'ona. "Ndiyo kwanza usingizi umemchukua."

"Nimekuletea chaki yako, mzee wangu."

"Kaa nayo."

Nje kengele ya baiskeli ililia. Domo alikuwa anateremka kilima kwa kasi, mtupu, akiimba. Mzee aliinua kichwa akaifuata sauti ile kwa sikio, ikapita mlangoni, ikapita kona, ikafika darajani, ikapotea.

"Kimepita," alisema, pengine kwa kile chekundu, pengine kwa jingine ambalo Mama Robota hakuthubutu kuliuliza. Kisha kidevu chake kikashuka kifuani kidogo kidogo, vidole vikiendelea kupapasa mshono wa kile kizibao hata macho yalipokwisha kufumba, mpaka navyo vikatulia, naye akalala.

Mama Robota akavuta mlango taratibu, chaki ikiwa bado kiganjani mwake. Na njia nzima ya kurudi sokoni hakuwa na neno la kumlaumu wala la kumtetea yule mzee, ila hili la wahenga, ambalo wao walikwisha kulisema na hakuna aliyesikia: mchagua nazi hupata koroma.